Je, ombwe la ulimwengu wetu laweza kuporomoka?

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Tanga, na wazee wangu shikamooni. Nazungumza nanyi kutoka Trento, kaskazini mwa Italia. Leo namjibu mwanafunzi wa kidato cha sita wa Makorora aliyeniandikia kuhusu kipande cha video kinachozunguka kwenye simu za watu huko nyumbani, kinachodai kwamba ulimwengu mzima unaweza kutoweka ghafla kwa sababu ombwe lake litaporomoka. Mdogo wake amekitazama na sasa anaogopa kulala. Swali lake nalichukulia kwa uzito wote.

Mwanafizikia anapotaja ombwe, anakusudia hali ya chini ya nishati ambamo nyuga, yaani vitu kama uga wa sumaku vilivyoenea kila mahali angani, zimetulia. Lakini uga unaweza kutulia mahali palipo chini kuliko jirani zake tu, kama maji yaliyotuama katika bonde la juu kule Lushoto: yako shwari, ilhali tambarare ya Mombo iko chini zaidi, na kinachoyazuia ni ukingo wa mlima. Maji hayo hayana pa kupita. Uga unapo, kwa sababu kanuni za kwanta, yaani za vitu vidogo kama atomu, huruhusu kukipenya kizuizi ambacho nishati iliyopo haitoshi kukipanda. Urani iliyo ardhini kule Mkuju, wilayani Namtumbo, inafanya hivyo hata sasa: chembe ya alfa hupenya kizuizi cha kiini cha atomu, kama mwanafizikia George Gamow alivyoeleza mwaka 1928, ingawa kwa nadra kiasi kwamba nusu ya atomu za urani-238 huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kuvunjika.

Hesabu ya kuporomoka kwa ombwe, yaani uga kupenya kizuizi na kushuka kwenye hali ya chini zaidi, iliwekwa sawa na mwanafizikia Sidney Coleman mwaka 1977, na mwaka 1980 yeye na Frank De Luccia wakaiingiza nguvu ya mvutano. Sehemu hii naipenda kuliko zote. Uga hauvuki kila mahali kwa mpigo mmoja, bali ndani ya ombwe la juu huzaliwa kiputo cha ombwe la chini. Ngozi ya kiputo hudai nishati, na deni hilo hukua kwa kipeo cha pili cha nusukipenyo. Sehemu ya ndani huleta faida, na faida hiyo hukua kwa kipeo cha tatu. Kiputo kidogo, basi, kina hasara, nacho hunywea. Kinachoweza kuishi ni kile ambacho faida yake imelipa deni lote, na ili kukipata ni lazima uga upenye kizuizi kwa pamoja katika eneo zima la kiputo, jambo ambalo ni adimu mno. Kikishazaliwa hupanuka, ukuta wake ukikaribia kasi ya mwanga, kwa hiyo hakuna onyo lolote ambalo lingetufikia mapema. Hapo video imesema kweli.

Ilichokiacha ni muda, na kukiacha ni kuwaonea watoto. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa mwaka 2012 huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ina uzito wa takriban gigaelektronivolti 125 (kipimo cha uzito wa chembe), na kwaki ya topu, chembe ya msingi nzito kuliko zote tunazozijua, takriban 173. Ukiingiza namba hizo kwenye nadharia tuliyonayo, bila kuongeza chembe mpya, ombwe letu linaonekana si la chini kabisa. Lakini muda unaotarajiwa kabla ya kuporomoka, ukiuandika kwa miaka, kwa makadirio ya kawaida unadai sufuri zaidi ya mia moja. Umri wa ulimwengu ni miaka bilioni 13.8.

Hapa Trento, watafiti waliochapisha matokeo yao Januari 2024 walipoza atomu za sodiamu hadi karibu na sifuri halisi, wakaziweka katika hali ya ombwe bandia, yaani iliyotulia lakini si ya chini kabisa, kisha wakaona viputo vikizaliwa kwa namna inayokubaliana na nadharia. Jaribio hilo halikugusa ombwe la ulimwengu hata kidogo. Lilipima hesabu ya viputo ndani ya wingu dogo la atomu.

Mwanafunzi wangu aliuliza pia kama mashine ya CERN inaweza kukianzisha kiputo. Wanaastronomia Piet Hut na Martin Rees walilijibu hilo mwaka 1983: miale kutoka angani imekuwa ikigongana kwa nishati kubwa kuliko ya mashine zetu tangu zamani za kale, na ombwe bado liko pale pale. Mwambie mdogo wako hivyo, kwa maneno yako mwenyewe.