Peoni katika zidaka za Lamu

KHADIJA: Karibuni, wapenzi wasikilizaji. Leo tumo Lamu, na mazungumzo ni ya maua, yale ya kwenye sahani na kuta. Kaka Athman, tuanzie wapi?

ATHMAN: Tuanzie kwenye bakuli la kaure, nyeupe na buluu. Mtu akiona ua pale, husema ni waridi. Yale ya Uchina mara nyingi ni peoni, Bi Khadija. Kwa Wachina ni ua la utajiri na cheo.

KHADIJA: Hapa kwetu halioti, sivyo?

ATHMAN: Litaota wapi na joto hili? Bila baridi kali halichanui. Kwetu lilifika na majahazi, limeshachorwa.

KHADIJA: Na yungiyungi nalo limo kwenye vyombo hivyo hivyo. Tutayatofautisha vipi?

ATHMAN: Tazama petali. Za yungiyungi zina ncha. Za peoni zimebanana, na ukingo wake una mawimbi kama pindo la marinda. Halafu fuata shina: linajipinda kuzunguka bakuli zima, na kila linapojikunja pana ua. Fundi alichora yote hayo kwa brashi kabla chombo hakijachomwa, wala hakuna kufuta.

KHADIJA: Na ile buluu?

ATHMAN: Ah, hapo ndipo ninapopapenda! Ni kobalti. Katika karne ya 14 mafundi wa Jingdezhen, mji wa kaure huko Uchina, walitumia kobalti iliyotoka Uajemi. Rangi ilisafiri hadi Uchina, ikageuka ua, ua likavuka bahari hadi kwetu. Pale Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na vigae vya kaure vilitoka vingi.

KHADIJA: Na wazee wetu hawakuvifanya vya kulia tu. Kule Mambrui, kaskazini mwa Malindi, mabakuli yalijengewa kwenye mnara wa kaburi. Hapa Lamu, nyumba za karne ya 18 zina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ukuta mzima, zimenakshiwa kwa chokaa, na kaure ikapangwa humo.

ATHMAN: Lakini mafundi wetu wa nakshi hawakuiga peoni. Ua walilolichonga mlangoni lina petali sawa sawa ndani ya duara, limepimwa kwa bikari.

KHADIJA: Mimi hilo linanifurahisha sana. Ua la mgeni walilipa mahali pa heshima, lao wakaendelea kulichonga kwa mkono wao.

ATHMAN: Nakubali. Ila mwenye sahani kuukuu nyumbani aigeuze kwanza. Nyingine chini zina muhuri wa Maastricht: hizo ni za Uholanzi, zilimiminika pwani karne ya 19.

KHADIJA: Basi tutumieni picha mbili, ya usoni na ya chini. Kipindi kijacho tutazitazama moja moja.