Onyesho la Dublin na Ngoma Zetu za Tabora

Mwangaluka, ndugu zangu wa Tabora. Leo nazungumza nanyi kutoka Dublin kuhusu Riverdance, onyesho la jukwaani ambalo Waayalandi wamelitumia kuitembeza ngoma yao ya asili duniani.

Lilianza kama kipande cha dakika 7 tu, kilichochezwa hapa Dublin tarehe 30 Aprili 1994 wakati matokeo ya shindano la nyimbo la Eurovision yakisubiriwa. Muziki ulitungwa na Bill Whelan, na waliotangulia mbele ya wachezaji ni Jean Butler na Michael Flatley, wote wawili wazaliwa wa Marekani wenye asili ya Ayalandi. Kufikia Februari 1995 kipande kile kilikuwa kimekuzwa kuwa onyesho la jioni nzima, lenye kwaya na fidla, linalogusa pia habari za wahamiaji waliovuka bahari. Mchezaji hunyoosha mikono ubavuni, akatuliza kifua, kisha akaiachia miguu kazi yote, na viatu vyao vigumu hugonga sakafu kwa pamoja hadi safu nzima inatoa mlio mmoja. Anayejua jinsi majembe ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, yanavyorushwa na kudakwa sawia na mdundo ataielewa nidhamu hiyo upesi.

Lakini wachezaji wale hawakuzaliwa jukwaani. Muda mrefu kabla ya 1994, watoto wa hapa, na wa Waayalandi walioko Marekani, walikuwa wakipelekwa kwa walimu wa ngoma na kushindanishwa katika matamasha yaitwayo feis, kwa hiyo waandaaji walipohitaji watu wa kujaza safu waliwakuta wamekwishaiva.

Sisi tulianzia juu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha huko huko, alisikitika katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962 kwamba wengi walijua rumba na chachacha kuliko ngoma zetu za asili kama gombe sugu na lele mama, akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikafuata kikundi cha taifa cha ngoma, kisha mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nayaheshimu sana yote hayo, ila mtoto wa Isevya au Sikonge hakai Bagamoyo, na ngoma haipaswi kukumbukwa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, inapokaribia tu.

Ningependa fundi wa ngoma ya manyanga aingie shuleni kila juma, alipwe kama mwalimu mwingine, na wanafunzi wacheze mbele ya wazazi wao kila muhula. Wayeye, wale wachezaji ngoma wa chama cha wafuga nyoka, wabaki na taratibu za chama chao, kwa sababu si kila kitu kinafaa kuletwa darasani. Watoto hao wakikua, ndipo tumwite mtunzi na kumkabidhi jukwaa. Kwa sasa, walimu na wazee wa Nzega, Igunga na Urambo, niambieni ni ngoma ipi bado inachezwa kijijini kwenu, na nani anaifundisha.