Kuchora bushi: mstari gani mnene, upi mwembamba

Haya jamani, karibuni. Leo ni bushi, hii hapa: kipande cha mviringo kama bomba fupi, chenye tundu katikati. Nimeiazima kwa fundi pale Kibuye, hapa Kisumu, na anaitaka kabla ya jioni, kwa hivyo twende mbio. Karatasi ya A3 nimeshaibandika, tiskwea, ile rula ya umbo la T, iko mezani, hayo mnayajua.

Kipenyo cha nje milimita 60, tundu 30, urefu 80. Tunaichora ikitazamwa kwa mbele, halafu ubavuni.

Penseli ya 2H, ile ngumu. Mistari ya katikati kwanza: kistari kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Sasa polepole! Pale mistari miwili inapokatana, virefu ndivyo vikatane. Si mwanya kwa mwanya. Bikari inadungwa pale pale. Pakiwa na uwazi utaanza kubahatisha, na duara litahama. Nasema tena: kirefu juu ya kirefu.

Ngoja… simu inavuta mwanga wa dirishani, karatasi imekuwa nyeupe tupu. Nasogeza meza. Mnaona? Sawa.

Zungusha bikari kwa nusu kipenyo: 30, kisha 15. Ubavuni ni mstatili tu, nauruka. Kingo zinazoonekana zikolezwe. Viwango vya ISO 128, vile vya kimataifa vya uchoraji, vinataka mstari mnene uwe mara mbili ya mwembamba, tuseme milimita 0.5 kwa 0.25. Wengi hutumia penseli ya HB hapa, iliyo laini zaidi. Mimi ni H, maana HB na jasho la Kisumu, karatasi yote inakuwa masizi.

Ubavuni tundu halionekani, kwa hivyo ni vistari vifupi vyembamba, milimita 3 hivi, nafasi 1. Cha kwanza kiguse ukingo. Usianze na nafasi, tafadhali! Na mstari wa katikati upite nje ya mstatili kidogo, usiishie ukingoni.

Vipimo: mistari myembamba, na ile inayotokea kwenye umbo iachane nalo kama milimita 1. Mshale uwe mwembamba, uliojazwa, si mkuki wa Mmaasai. Andika Ø60, Ø30, 80; hiyo Ø ni alama ya kipenyo.

Lo, bodaboda na honi yake… imepita. Mistari miwili ikiangukiana, ukingo unaoonekana unashinda uliofichika, nao uliofichika unashinda wa katikati.

Video ijayo tunaichora bushi kama imepasuliwa, tuweke hachi, ile mistari ya mshazari, za digrii 45. Tiskwea kama hii yangu nazichonga mwenyewe, mbao kavu, haipindi. Andika hapo chini: mjini nakuletea, Siaya na Kakamega natuma kwa matatu.