Hilux ya dizeli inachemsha: tumtafute mchawi kabla ya kununua spea

Karibuni. Mbele yetu kuna Toyota Hilux ya dizeli, injini aina ya 5L (hilo ni jina la injini, si lita tano), na malalamiko ni yale yale: mshale wa temperecha unapanda. Usishike spana bado. Jibu kwanza swali moja, inachemsha lini?

Ikichemsha kwenye foleni na kupoa ikipata mwendo, mshuku feni. Foleni ikiwa haina shida ila inachemsha ikipanda mlima Kitonga na mzigo, mara nyingi ni rejeta. Ikipandisha mshale dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, ni thermostati (kivalvu kinachofungulia maji ya moto kwenda kwenye rejeta) iliyokwama ikiwa imefungwa, au hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku.

Kama mshale umepanda sasa hivi ukiwa barabarani, zima AC, fungulia hita joto la mwisho na kipuliza juu kabisa, kisha kaa pembeni. Hita ni rejeta ndogo ya pili, vumilia jasho. Mshale ukigusa nyekundu, zima injini. Subiri si chini ya dakika 40. Binya mpira wa juu wa rejeta: ukiwa laini na vuguvugu, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, zungusha hadi kituo cha kwanza, uache upumue, ndipo umalizie. Na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Hedi za familia hii ya L zinajulikana kwa nyufa.

Tuanze na kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, mfuniko wa rejeta. Sogea karibu uone. Hii raba ya chini ndiyo inayoshika presha, na huu wa kwetu una mkato kama wa wembe. Juu imeandikwa 0.9, yaani bar 0.9. Kwenye presha hiyo maji huchemka kama nyuzi 119. Raba ikivuja, Dar yatachemka kwenye 100; Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ni kama 95 tu. Ndiyo maana gari linatoka Kariakoo salama, likafika juu likatema maji. Vuta pia hiki kivalvu cha katikati, lazima kirudi chenyewe. Kikikwama, maji yaliyokwenda kwenye chupa ya akiba hayarudi, na asubuhi unakuta mpira wa juu umesinyaa.

Sasa feni. Mkanda kwanza: ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, uzame kama milimita 10. Feni ya gari hili inashikwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na IMEZIMWA, izungushe kwa mkono. Ikigoma na kusimama mara moja, nzima. Ikizunguka mara tatu nne kama pangaboi, silikoni imekwisha; angalia pale kwenye springi ya mbele, utaona vumbi limeganda na mafuta. Wapo wanaoichomelea ishike moja kwa moja. Inapoza, kweli, ila inakula dizeli na inapiga kelele siku nzima. Ukiwa hapo tikisa feni mbele na nyuma: ikicheza, beringi ya wota pampu inakwisha. Chini ya shafti ya pampu kuna kitundu. Alama ya maji yaliyokauka hapo maana yake sili imekufa.

Rejeta huchafuka nje au ndani. Nje, nyasi na vumbi hujibana kati yake na kondensa ya AC (ile kama rejeta iliyo mbele yake), mahali usipopaona bila kuchungulia. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya presha ndogo, mapezi yasilale. Ndani, pitisha kipimajoto cha mbali usoni mwa rejeta injini ikiwa ya moto: sehemu zilizo baridi kuliko jirani zake zimeziba. Hapo ni kuizibua kwa fundi rejeta au kuibadilisha.

Thermostati, ing'oe uipime, usiitupe. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Nyingi zina sahani ya pili inayoziba njia ya mkato. Ukiiondoa kabisa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi.

Tumebakiza lile linaloogopwa, hedi gasketi. Injini ikiwa ya baridi, jaza maji hadi shingoni, funga, washa. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, huo si mvuke, ni moshi wa silinda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi mwingine. Hedi ikishuka, ipimwe unyoofu na nyufa, na gasketi mpya ichaguliwe kwa unene kufuatana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Ukinunua yoyote tu, utarudi kulekule.

Kujaza: kulanti (dawa ya rejeta) nusu, maji yaliyosafishwa nusu. Maji ya kisima cha Dar yana chumvi, yanakula alumini ya pampu. Inua pua ya gari, fungulia hita, acha mfuniko wazi, injini iwe sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) huku ukibinya mpira wa juu. Thermostati ikifunguka maji yatashuka ghafla; ongeza. Kama zilitoka lita 8 na zimeingia 6, lita 2 ni hewa, endelea. Funga, zungusha kilomita chache, weka alama kwa kalamu kwenye chupa, kisha angalia tena kesho asubuhi kabla ya kuwasha.