Serikali Inaponunua Ardhi kwa Ajili ya Wanyamapori, Nani Analipwa?

Mhadhara uliotolewa Malindi

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliotoka Magarini na Ganze, mabibi na mabwana, assalamu alaykum na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie ununuzi wa ardhi ya mashambani unaofanywa na serikali ili iwe makazi ya wanyamapori. Mimi nauunga mkono ununuzi huo kwa sharti moja: kabla malipo hayajatolewa, ijulikane kwa haki ni nani anayeishi na kulima katika ardhi hiyo, wala isitoshe kujulikana mwenye hati peke yake.

Nauunga mkono kwa sababu njia tuliyoizoea, ya kutenga eneo kwa tangazo la serikali, imetuachia majeraha. Mwaka 1976 ilitangazwa hifadhi kando ya Mto Tana, hapo kaskazini yetu, ili kuwalinda kima wa aina mbili wasiopatikana popote pengine duniani. Wapokomo waliokuwa wakilima kingo za mto huo walijikuta ndani ya mipaka wasiyoiridhia. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi hiyo haikuwa imeanzishwa kwa mujibu wa sheria. Baada ya miaka 31, mkulima hakuwa amepata amani, na kima naye hakuwa na ulinzi wa kisheria. Anayenunua hulazimika angalau kuketi na kuzungumza na mtu wa upande wa pili.

Marekani wana uzoefu mrefu wa jambo hili. Tangu mwaka 1934, mwindaji wa bata aliyetimiza umri wa miaka 16 hulazimika kununua stempu maalumu, iliyoanza kwa bei ya dola 1 na ambayo sasa ni dola 25, na karibu fedha zote zinazopatikana hutumika kununua au kukodi ardhi oevu. Utaratibu huo una chanzo cha fedha kisichongoja hisani ya bajeti ya mwaka, nami natamani tuwe na kitu cha namna hiyo. Hata hivyo, unategemea jambo ambalo sisi wa Pwani hatuwezi kulichukulia kuwa lipo, yaani kwamba aliye na hati ndiye kwa kawaida mwenye ardhi kweli.

Mnaifahamu historia yetu. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wadai umiliki wa ardhi katika ukanda wa pwani wa maili kumi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo na kwa mila, hawakupata hati, na vizazi vyao vikaitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na haki ya ardhi, katika mashamba yenye minazi, mikorosho na makaburi ya babu zao. Serikali ikija leo kununua shamba la namna hiyo kwa ajili ya tembo, fedha zitamwendea mtu ambaye huenda hajawahi kulikanyaga, na aliyepanda mikorosho ataambiwa aondoke. Hilo silo kosa la tembo, lakini ni tembo atakayechukiwa.

Hofu hii si ya kubuni. Huko Laikipia, mashirika ya uhifadhi ya African Wildlife Foundation na The Nature Conservancy yalinunua takriban ekari 17,000 kutoka kwa mwenye hati, na mwaka 2011 yakaikabidhi serikali ardhi hiyo iwe mbuga ya taifa. Familia za Wasamburu zilizokuwa zikiishi na kuchunga pale zilifurushwa, zikaenda mahakamani. Mwenye hati alikuwa amekwisha lipwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikulisahau jambo hili. Ibara ya 40 inaitaka serikali ilipe fidia kamili, ya haki na bila kuchelewa inapotwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na inaruhusu pia wakaaji wa nia njema wasio na hati wafidiwe. Inaruhusu tu, haishurutishi. Kwa hiyo ni juu yetu kudai kwamba kila ununuzi wa ardhi ya wanyamapori uwahesabu watu hao tangu siku ya kwanza.

Sasa nije Dakatcha, kwa kuwa wengi wenu mmetoka huko. Kwera wa Clarke ni ndege anayepatikana katika kaunti hii ya Kilifi tu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na katika misitu ya miti ya miombo ya Dakatcha, na ni mwaka 2013 tu ambapo wataalamu walithibitisha kwamba huzaliana katika madimbwi ya msimu huko Dakatcha. Madimbwi hayo ni madogo, na yanazungukwa na uchomaji wa makaa na mashamba ya mananasi. Kuyanunua hakungehitaji fedha nyingi, na ndiyo maana wazo hilo linavutia.

Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni ya jamii. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana, na kaunti hairuhusiwi kuiuza. Hivyo hakuna muuzaji halali hadi jamii yenyewe isajiliwe, na wanaoharakisha ununuzi wakiruka hatua hiyo watatuletea kesi ya Tana kwa mara ya pili.

Tena, jamii ikishasajiliwa, inaweza kuamua kutouza kabisa. Kule Mwaluganje, Kwale, tangu mwaka 1995 wenye mashamba waliokuwa wakiharibiwa mazao na tembo waliyaunganisha yakawa hifadhi, wakabaki wamiliki na kugawana mapato ya watalii. Mapato hayo hupungua utalii unapodorora, na hilo tusilifiche, lakini ardhi imebaki mikononi mwao.

Jamii ya Dakatcha ikiamua kuuza, naomba mkataba utaje kwa maandishi mambo ambayo bei haiyalipi: njia ya mifugo kufika majini wakati wa kiangazi, ruhusa ya kurina asali na kuchimba mizizi ya dawa, na haki ya kila ukoo kuyafikia makaburi yake bila kuomba kibali kwa askari wa getini.