Makaa ya Bulgari: kijiji kimoja kati ya thelathini

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Niliombwa nizungumzie mila za vijiji vya Bulgaria. Nikivifuata vyote tutakesha hapa, kwa hiyo nimechagua kimoja. Kinaitwa Bulgari, na msikichanganye na nchi yenyewe: nchi ina mamilioni ya watu, kijiji kina kama mia moja. Kiko kusini-mashariki, kwenye milima ya Strandzha yenye misitu ya mialoni. Bahari Nyeusi haiko mbali, wala mpaka wa Uturuki.

Wanaokijua huko nje wanakijua kwa jambo moja: wapo watu wanaocheza pekupeku juu ya makaa ya moto. Wachezaji hao huitwa nestinari. Pengine mmeshaona picha zao kwenye simu. Ninachotaka kusema jioni hii ni kwamba moto ule huja mwishoni kabisa mwa shughuli, na anayekwenda kutazama moto peke yake anakosa kile kilichoufanya udumu.

Sikukuu yenyewe ni ya Watakatifu Konstantino na Helena, yaani yule mfalme wa Roma na mama yake. Kanisa la Kiorthodoksi la Bulgaria huiadhimisha tarehe 21 Mei. Watu wa Bulgari wameshikilia kalenda ya kale, inayochelewa kwa siku 13, kwa hiyo kwao ni tarehe 3 na 4 Juni. Mwenye mamlaka kwenye sherehe ni kiongozi wa nestinari, mwanamume au mwanamke, na cheo hicho hurithiwa.

Mambo huanzia kwenye kinyumba kidogo kiitwacho konak. Humo zinahifadhiwa ikoni, zile picha takatifu zilizochorwa kwenye mbao. Zitazameni kwa karibu: zimevalishwa kitambaa chekundu, na chini zina mpini wa kushikia, kwa sababu ni picha za kubebwa na kuchezwa nazo, si za kutundikwa tu ukutani. Iko pia ngoma, nayo ni ya ibada, haitolewi ovyo. Asubuhi, baada ya sala, msafara unatoka kwenda kwenye chemchemi takatifu nje ya kijiji. Mpiga ngoma yuko mbele pamoja na mpiga gaida, zumari lenye mfuko wa ngozi. Pale chemchemini kila aliyefika hupewa maji na mshumaa kwa ajili ya afya. Kuna kuchinja pia, na nyama inaliwa na wote.

Giza likiingia, makaa husambazwa yakawa duara. Watu wanayazunguka kimya, ngoma inapiga. Nestinari wameshinda konak wakiisikiliza ngoma hiyohiyo mpaka mmoja anapandisha (sidhani kama humu yupo wa kuelezwa maana ya kupandisha). Anatoka, anashika ikoni, anaingia kwenye makaa kwa hatua fupi za harakaharaka. Zamani wengi wao walikuwa wanawake, na kijiji kilisadiki kwamba watakatifu hupitisha matakwa yao kwa mtu huyo.

Naona mkono pale nyuma, na swali nalijua: mbona hawaungui? Wanafizikia watakwambia kaa la kuni linapitisha joto polepole, na mguu unaligusa kwa muda mfupi mno. Sawa, nakubali. Lakini jibu hilo linaeleza unyayo. Halielezi kwa nini kijiji kizima kinaitunza ngoma hiyo vizazi na vizazi.

Na kuitunza hakukuwa rahisi. Mwandishi Petko Slaveykov alipochapisha habari za nestinari mwaka 1866, Strandzha ilikuwa chini ya Dola ya Osmani, na mila hii ilienea katika vijiji kama 30 vya Wabulgaria na Wagiriki. Vita vya Balkan vya 1912 na 1913 vikavuruga kila kitu. Wagiriki wa kijiji cha Kosti, huko huko Strandzha, walihama na ikoni zao, wakaishia Langadas karibu na Thessaloniki, wengine Agia Eleni karibu na Serres. Wao husimulia kwamba hapo kale kanisa lao la Kosti liliwaka moto, ikoni zikasikika zikilia humo ndani, watu wakaingia kuzitoa na hakuna aliyeungua. Ugiriki wanacheza tarehe 21 Mei. Basi siku hizi mtu anaweza kucheza kwao, akavuka mpaka, na siku 13 baadaye akawa Bulgari na wenyeji. Wagiriki wengi huja.

Waliobaki Bulgaria walikuwa na shida zao. Kanisa liliuita mchezo huu upagani. Wakaja wakomunisti, nao hawakutaka ikoni wala watakatifu, ila waliupenda moto: wakaupeleka kwenye mahoteli ya pwani, watalii wakautazama wakila chakula cha jioni. Hapo huwa napandwa na hasira kidogo. Makaa yapo na ngoma ipo, lakini chemchemi haipo, tarehe haipo, na mchezaji anapandisha kwa ratiba ya jikoni. Haki isemwe, wapo waliopata riziki yao pale.

Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza mila ya Bulgari kwenye Orodha Wakilishi ya urithi usioshikika, yaani mila na desturi za watu. Kikao kilikuwa Abu Dhabi, na ndicho kilichoziingiza pia mila za Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ila zenyewe zikawekwa kwenye orodha ya zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Nimezisoma orodha hizo mbili mara nyingi na bado sielewi. Wageni maelfu humiminika Bulgari kila Juni, kweli, lakini wageni hawarithi konak. Kijiji cha watu mia, kilichobaki peke yake kati ya thelathini, mimi ningekiweka kwenye orodha ya haraka, pembeni ya Kaya.