Keki ya saa nne ilifika saa kumi: kuandika maelezo ya zana za wakala wa akili mnemba

Haya wadau, karibuni tena. Mwanga unatosha? Unatosha. Leo tunaandika maelezo ya zana, yale maneno ambayo wakala wa akili mnemba, yaani programu inayoongea na mteja na kumfanyia kazi, anayasoma kabla ya kugonga API yako, ule mlango ambao programu moja inapitia kuomba kazi kwa nyingine. Zana ni kazi moja ambayo wakala anaruhusiwa kuiita. Nikisema wakala simaanishi yule wa kibandani wa kutoa na kuweka pesa, ingawa na yeye ukimpa maelekezo nusunusu hela yako itaenda kwa mwingine.

Mradi ni wa dada yangu, anaoka keki Dar. Mteja anaandika kwenye chati, wakala anaita API, oda inaingia. API iko tayari, ufunguo wake wa siri upo, hayo naruka.

Fungua faili la zana. Kila zana ina jina, maelezo, na vigezo vyake, yaani taarifa ambazo wakala anazijaza, vilivyoandikwa kwa JSON Schema, mtindo wa kueleza kila taarifa iwe ya namna gani. Jina langu la kwanza lilikuwa "oda". Oda ndiyo nini, kuweka au kufuta? Andika weka_oda, na ile nyingine tazama_oda. Twende.

Maelezo sasa. Zamani niliandika "Inashughulikia oda za keki", nikaenda kulala. Mimi naelewa, kodi ya programu niliandika mwenyewe. Modeli, ile akili mnemba iliyo ndani ya wakala, haioni kodi hiyo. Inaona jina, maneno hayo manne na orodha ya vigezo, basi. Mama mmoja akauliza bei ya kilo mbili, ikamwekea oda, dada akapasua mayai ya bure. Siku hizi naandika hivi:

"Huingiza oda mpya ya keki na kumtumia mteja ujumbe wa uthibitisho. Tumia pale tu mteja ameshakubali bei, ukubwa na siku. Usitumie kwa anayeulizia bei. Huyo tumia tafuta_bei. Hurudisha namba ya oda."

Naandika kwa Kiswahili, ndiyo. Kuna wanaonicheka. Dada ndiye anayekagua, na lazima aelewe. Ile "usitumie" usiiache: kila mtu anakumbuka kusema zana inafanya nini, hasemi lini isiguswe.

Ukubwa: usiache waandike wapendavyo, funga kwa orodha ya kilo_1, kilo_2, kilo_3. Simu: tarakimu 12 kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Hayo mepesi.

Muda. Hapa simama, acha na chai yako.

Mteja aliandika "Jumamosi saa nne asubuhi". Kigezo changu kilisema "muda wa kupeleka", hakuna zaidi. Wakala akaandika 04:00. Jamani, 04:00 ni saa kumi alfajiri! Kijana wa bodaboda akaamka, akaenda, akagonga geti la watu gizani na keki ya waridi mkononi. Mbwa wakamtoa mbio. Keki sisemi.

Kwa hiyo kwenye maelezo ya kigezo chenyewe, sio ya zana, ya KIGEZO, andika:

"Muda wa kupeleka kwa mtindo wa ISO 8601, saa za Afrika Mashariki, mfano 2026-03-07T10:00:00+03:00. Mteja husema saa za Kiswahili: saa nne asubuhi ni 10:00, saa saba mchana ni 13:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa kumi alfajiri ni 04:00."

ISO 8601 ni utaratibu wa kimataifa wa kuandika tarehe na saa. Weka mifano minne, usiweke mmoja. Nilipoweka wa asubuhi peke yake, nikaambiwa "saa mbili usiku" ni 08:00. Na hiyo +03:00 usiisahau. Narudia, usiisahau, maana seva yangu inahesabu kwa UTC, saa za kimataifa ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, na keki nyingine ilichelewa kwa muda wa saa tatu kwa ajili hiyo.

Tujaribu. "Nataka ya kilo mbili, Jumamosi saa nne asubuhi." … 10:00. Safi! Nyingine: "Niletee Jumapili saa mbili."

Eh. Ameweka 08:00.

Ngoja, sikati hii video, muone. Mtu hakusema asubuhi wala usiku, wakala kakisia. Kosa ni langu, sikumwambia afanyeje. Samahani kwa huyo jogoo, ni wa jirani. Naongeza mwishoni: "Kama mteja hakutaja asubuhi, mchana au usiku, usikisie, muulize kwanza, ndipo uite zana hii." Hifadhi. Tena. "Niletee Jumapili saa mbili."

"Saa mbili ya asubuhi au ya usiku?"

Ahaa! Umeona? Faili zima nimeweka chini ya video, ni bure, anayetaka keki naye amwandikie dada hapohapo. Zana ya kufuta oda nitaifanyia video yake, ile ina vituko zaidi ya huyu jogoo.